Mausi ya Nyanchera

Nyanchera alipoteza kidole gumba cha mkono wa kulia kwenye shamba lao la majani chai huko Ikonge, mwaka juzi, na aliyeshika upande wa pili wa mashine ya kuchumia alikuwa kaka yake, Duke. Ajali haina kinga, watu walisema. Naye alisema hivyo hivyo, maana Duke alilia mpaka majirani wakamwacha aliyekatwa wakaenda kumbembeleza yeye.

Ni Duke huyo huyo aliyemletea mausi ya kompyuta. Gemu ya kulenga risasi kwenye simu inataka vidole gumba viwili, na Nyanchera, aliyekuwa moto wa kuotea mbali, alibaki kutazama tu. Duke akaunganisha mausi na simu kwa waya mfupi, akaweka programu ya kuifanya mausi iguse skrini badala ya kidole, wakaketi jikoni wiki nzima wakitafuta kasi ya mausi inayofaa. Wakiongeza, shabaha inarukia mawinguni. Wakipunguza, anauawa kabla hajageuka. Walipofika thelathini na nane, shabaha ikatulia. Nyanchera akacheka, mara ya kwanza tangu atolewe bandeji.

Kosa lake lilikuwa kumshinda mwalimu wake. Alimshinda mara moja, mara kumi, ikawa mazoea, na Duke akaacha kutania.

Kisha yakaja mashindano ya gemu hiyo Kisii mjini, na mshindi mmoja tu angechukuliwa katika timu ya kwenda Nakuru. Wote wawili walijiandikisha, na Nyanchera hakuwahi kutaka kitu namna ile.

"Lakini waandaaji watakubali mausi?" aliuliza.

"Siz, tulia. Nitaongea nao mimi."

Baada ya siku mbili akamwambia ameongea nao, hakuna shida.

Raundi za mwanzo zilichezwa kwa mtandao, kila mtu kwao. Fainali ikawa ukumbini, na kwa bahati, mbaya ama nzuri, ikawakutanisha wao wawili. Nyanchera alipotoa mausi mkobani, Ogari, mwamuzi, akaja mbio.

"Hiyo ni nini? Sheria ni vidole pekee."

"Kaka yangu aliwaeleza," alisema, akinyoosha mkono wenye vidole vinne.

Ogari akamgeukia Duke. Duke alikuwa akipangusa skrini ya simu yake.

"Mimi? Sijaongea na mtu."

"Duke! Waambie!"

Duke akaendelea kupangusa. Kikulacho ki nguoni mwako. Cha Nyanchera kilitoka tumbo moja naye.

"Pole, dada," Ogari alisema, na alimaanisha. "Cheza na vidole, ama utoke."

Alicheza. Kidole chake cha shahada kilipapasa skrini kikikosa kila kitu. Duke alimwona, akalenga kichwa, akafyatua.

Siku ya mashine Duke alilia kuliko yeye. Leo hakulia.