Pumzi Fupi za Mlima wa Misheni

Pikipiki ile niliinunua mwaka 1971 kwa padri mzee aliyekuwa anarudi kwao. Ilikuwa kubwa, ya Kiingereza, silinda mbili, iliyoundwa kwa safari ndefu, na kijiji chetu chote cha Mbuba hakikuwa na nyingine kama hiyo. Mimi Ngeleja, niliyejua kusoma nikiwa na miaka ishirini na tisa katika darasa la jioni la watu wazima, niliifungua na kuifunga mwenyewe uani kwangu, kitabu mkono mmoja na kamusi mkono mwingine. Nalisema hili kwa sababu ni kweli.

Lakini mwaka 1977 ilinishinda. Mke wangu Adelfina alishikwa na uchungu wa mimba yetu ya kwanza, na mtoto alikuwa amekaa vibaya. Nikampakia twende hospitali ya misheni. Katikati ya mlima, penye jabali jeusi, injini ikakosa nguvu, ikatetemeka, ikazima. Tukatembea. Tulifika tumechelewa, na mtoto tulimzika Jumatano.

Mwishoni mwa 1978 Adelfina alikuwa na mimba tena, na vita ya Kagera ilikuwa imeanza. Landrova ya zahanati ilikwenda mstari wa mbele. Mkunga alimwambia asithubutu kujifungulia nyumbani. Kwa hiyo ilibaki pikipiki yangu na mlima uleule.

Niliishusha injini, nikaifungua juu ya turubai. Ugonjwa niliukuta kwenye kamshafti. Injini ile ina kamshafti mbili, vyuma virefu vyenye nundu. Zikizunguka, nundu za moja hufungua mlango wa hewa na petroli kuingia, nundu za nyingine hufungua mlango wa moshi kutoka. Bila hizo injini haipumui. Nundu zangu zilikuwa zimelika kama kisigino cha kandambili. Mpya hazikupatikana Biharamulo wala Mwanza.

Hapo ndipo nilipomfikiria mzee Nshoma. Huyu alikuwa Mzinza, mhunzi wa ukoo wa wahunzi, aliyeletwa kijijini kwetu wakati wa operesheni ya vijiji. Alifua majembe na visu nyuma ya nyumba yake. Nilimdharau kidogo. Hakujua hata kuandika jina lake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi wa daftari. Leo umepotea njia?"

Nikampa kamshafti. Hakuuliza ni kitu gani. Alifumba macho, akapitisha kidole gumba juu ya kila nundu, polepole, akaizungusha, akarudia.

"Hiki kinainua kitu," akasema. "Kinainua, kinashusha. Hapa kimechoka. Hapa kimechoka zaidi."

Mimi jambo hilo lilinichukua kurasa kumi na moja na picha sita.

Nikamweleza nilichotaka. Sikutaka nundu zirudi zilivyokuwa tu, nilitaka zizidi. Nikamchorea kwa bikari nundu pana, ili mlango ukae wazi muda mrefu na injini ivute hewa nyingi. Kitabu kilisema hivyo.

"Hewa nyingi ya nini?"

"Ya nguvu, mzee. Ya kupanda mlima na watu wawili."

"Kitabu chako kimewahi kupanda mlima na mzigo?"

Wakati huohuo Adelfina akatokea njia ya bondeni, ndoo ya maji kichwani, tumbo mbele, anapanda bila haraka. Mzee alimwangalia mpaka alipofika.

"Binti yangu, simama kidogo. Umepandaje?"

"Kwa miguu, mzee. Fundi wangu pikipiki ameifanya uji."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Pumzi, binti. Nauliza pumzi."

Adelfina alitua ndoo, akafikiri. "Navuta fupi. Navuta, nafunga mdomo mapema, ndiyo nasukuma mguu. Nikivuta ndefu, hatua inanikuta bado mdomo uko wazi, hewa inatoka bure kabla haijafanya kazi. Ndefu ni za kukimbia tambarare."

Mzee alinigeukia, akaugonga mchoro wangu kwa kidole.

Nilikwenda nyumbani, nikafungua kitabu. Chini ya ile picha ya nundu pana palikuwa na mstari mdogo: kwa mwendo wa kasi. Nilikuwa nimeusoma zamani na kuupita. Nikakaa juu ya kigoda nikitazama mchoro, na injini yote ikajifungua upya akilini mwangu. Mlango ukichelewa kufungwa, pistoni inayopanda polepole husukuma nje hewa ileile iliyoingia. Mke wangu alikuwa ameniambia yaliyokuwa ndani ya injini akiwa na ndoo kichwani.

Nikachora upya. Nundu nyembamba, ndefu kwenda juu, inayofungua kwa nguvu na kufunga mapema. Nikaikata kwenye bati la mkebe iwe kipimo.

Sharti la mzee lilikuwa moja, kwamba mwenye chuma ndiye anayevuta mivukuto. Alikipasha chuma moto kilainike, akakiacha kipoe majivuni, kisha kwa siku kumi na mbili alikisugua kwa tupa yangu na mawe yake. Alipunguza mbavu za nundu na mviringo wa chini yake, ili ncha ibaki juu zaidi. Nikipima kwa bati langu, mwanga haukupita popote. Yeye alipima kwa kidole.

"Sasa ni laini kama muhogo," akasema. "Tukiifunga hivi italika kabla ya Jumapili."

Ili uso wa chuma ukaze, alichoma kwato na pembe za ng'ombe, akazisaga pamoja na makaa, akazifunika kamshafti humo ndani ya udongo wa mfinyanzi. Nilivuta mivukuto kutoka asubuhi mpaka alasiri, viganja vikachubuka. Alipouvunja udongo, vyuma vilikuwa vyekundu kama jua linalozama. Alivishika kimoja kimoja kwa koleo, akavizamisha wima kwenye mtungi wa oili, taratibu, kama mtu anayeshusha ndoo kisimani.

"Ukikilaza, kinapinda," alisema. Baadaye nilipitisha tupa juu ya nundu ile. Iliteleza kama juu ya kioo.

Nilifunga injini nikilinganisha alama za gia, nikapima nafasi za milango kwa wembe. Ikawaka kwa kiki ya tatu. Lakini nilikuwa na galoni moja tu ya petroli, ya kwenda na kurudi. Sikuweza kuijaribu mlimani.

Uchungu ulianza Februari, saa mbili asubuhi. Adelfina alikaa nyuma, mikono kiunoni mwangu. Mlima ulipoanza nilitia gia ya pili. Jabali jeusi likaja. Nikasikia vidole vyake vinanibana, nikajua naye analitazama.

"Usiongeze," akasema sikioni mwangu. "Iache ipumue."

Sikuongeza. Injini ilishuka mpaka nikaweza kuhesabu mapigo yake, fupi, nzito, moja baada ya jingine, na kila moja lilitusukuma. Jabali likapita kulia kwetu. Likabaki nyuma. Machozi yalinitoka nikiwa nimeshika usukani, na sikuwa na mkono wa kuyafuta.

Mtoto wa kike alitolewa kwa kisu kabla ya saa sita. Daktari alisema tungechelewa kidogo tu, yangekuwa yaleyale.

Baada ya mwezi tulimpeleka kwa mzee Nshoma. Hakutaka kumpakata, alisema mikono yake ina masizi. Aliweka kidole gumba juu ya kifua cha mtoto, akafumba macho, akakaa hivyo muda mrefu.

"Huyu yuko sawa," akasema. "Msimguse kwa tupa."