Funda Moja la Mafuta ya Taa

Mwadhini hajamaliza takbira ya kwanza, Ami Darwesh keshatia tende mdomoni na kuinua chupa iliyokuwa karibu na mkono wake. Ilikuwa chupa ya maji ya dukani, ya nusu lita, na ndani yake mlikuwa na mafuta ya taa. Mimi ndiye niliyeyatia humo alasiri, baada ya dumu kuanza kuvuja. Nikawashia makaa ya seredani, kisha nikaisahau chupa ukingoni mwa mkeka wa futari.

Alipiga funda moja akalimeza. Aliyefunga tangu alfajiri haonji kwanza. Halafu akaanza kukohoa, harufu ikatanda ukumbini, nasi sote tukajua.

Nasoma kemia chuo kikuu, mwaka wa tatu. Ningeweza kueleza namna mafuta yale yanavyotengwa kiwandani. La kumfanyia mtu aliyeyanywa sikulijua. Nilisimama tu.

Shangazi Bi Jokha, dada mkubwa wa Ami na wa baba yangu, alikwishainuka na bilauri ya maziwa. "Mnywesheni haya, kisha mtieni kidole kooni. Atapike, yatoke yote."

"Asitapike," alisema Bi Kazija, mke wa Ami.

"We Kazija, unataka kuniulia ndugu yangu?"

"Namtaka mzima, wifi, nshamzoea. Yakipanda tena ndiyo yataingia mapafuni. Asinywe kitu. Weka maziwa, nakuomba."

Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kumkatalia Bi Jokha neno. Yeye ndiye aliyemlea Ami baada ya mama yao kufariki. Bi Kazija alijua hayo kuliko mimi, na bado alisimama baina ya bilauri na mumewe. Mwanamke huyu hushona nguo, na shule aliiacha mapema. Lakini aliwahi kuhudhuria mafunzo ya siku mbili yaliyotolewa na wauguzi katika shehia yetu, na alichokisikia alikihifadhi kama mtu anayehifadhi sura ya Kurani.

Alimkalisha Ami wima, akampa maji asukutue na kumwamuru ayateme, asimeze hata tone. Akamvua kanzu iliyolowa mafuta kifuani, akamwosha ngozi kwa sabuni. Muda wote kiganja chake kimoja kilikuwa mgongoni mwa mumewe, kikisikiliza pumzi.

"Kazija," alisema Ami baina ya vikohozi, "sasa mie nshafuturu au bado?"

"Ushafuturu. Kesho uanze na uji, kama watu."

Kisha akanigeukia. "Mwite Usi, ana gari. Na hiyo chupa ifunge uichukue, daktari aione."

Usi ni jirani yetu wa ghorofa ya chini. Saa ile vichochoro vyote vilikuwa vitupu, watu wamekaa kwenye futari zao. Alitoka akiwa bado anatafuna, hakuuliza kitu, akachukua ufunguo.

Hospitali, daktari aliinusa chupa, akamsikiliza Ami kifua, akaagiza apigwe picha ya mapafu. Alisema watamwangalia kwa saa kadhaa, kwani madhara huweza kuchelewa kujitokeza. Tulingoja kwenye benchi.

"Ni mimi niliyeyatia kwenye chupa ya maji," nilimwambia Bi Kazija.

"Najua. Kesho tutatafuta dumu jengine, tuliandike jina, tuliweke mbali na chakula."

Hakuongeza lawama. Nilitamani angeongeza.

Misikitini watu walikuwa bado katika tarawehe daktari aliporudi. Picha ilikuwa safi na pumzi imetulia. Atalala hapo, na asubuhi ikiwa hivyo hivyo atarudi nyumbani.

"Nani aliyezuia asitapishwe?" aliuliza. "Wengi huletwa wakiwa wameshatapishwa, na hapo ndipo kifua kinapoharibika."

Nilimtazama Bi Kazija. Alikuwa na haki ya kujibu kwa neno moja: mimi.

"Tulikuwa pamoja na dada yake," alijibu. "Tulishauriana."

Daktari akamwinamishia Bi Jokha kichwa kumpongeza, akaenda zake. Shangazi alilikunja na kulikunjua pindo la buibui lake.

"Kazija," hatimaye alisema, "wewe hujatia kitu mdomoni tangu magharibi."

"Nitakula nyumbani, wifi."

"Nyumbani lini? Kaa hapo."

Na Bi Jokha, ambaye nyumbani kwetu huletewa hata maji ya kunawa, akasimama, akatoka mwenyewe kwenda kumtafutia chakula.