Baiskeli Isiyopumzisha Miguu

Kitinda alikuwa mwaka wa mwisho katika chuo cha utengenezaji miwani, na kila mchana alijifunza kazi kwenye duka moja la miwani, akisaga lenzi mpaka vidole vinageuka vyeupe kwa unga. Jina hilo alipewa nyumbani kwa kuwa ndiye kitinda mimba. Kaka zake walishaoa na kuhamia miji mingine, kwa hiyo mzigo wa nyumba ulimwangukia yeye: chumvi ikiisha ni yeye, ngazi ikitaka kushikwa ni yeye.

Kutoka chuoni hadi dukani palikuwa na mwendo, na viatu vyake vilishaanza kucheka kwa mbele. Mpimaji macho wa pale dukani, ambaye alikuja kazini kwa baiskeli hata mvua inyeshe, ndiye aliyemtia hamu.

"Tafuta ya gia moja iliyokazwa," alimwambia. "Haina mambo mengi. Gurudumu likizunguka, pedali nazo zinazunguka. Hakuna gia za kuharibika, na hata bei yake ni ya watu kama sisi. Wenyewe tunaiita fiksi."

Jioni alipolitaja jina hilo mezani, mama yake, ambaye ni mshonaji wa mapazia, aliacha kutafuna.

"Fiksi si ndiyo uongo? Ndivyo mnavyosema nyinyi. Kitu kinaitwa uongo, na wewe unakwenda kukinunua."

"Mama, ni jina tu."

"Basi ngoja kidogo. Nitakutafutia mimi mwenyewe."

Baba yake, akiwa bado na tai yake ya kampuni ya bima shingoni, alisema kwamba baiskeli ya bei nafuu haina ubaya ikiwa aliyeiunda ni mtu mwangalifu. Kisha akainuka kwenda kunawa, na sahani yake bado ilikuwa nusu.

Kitinda hakungoja. Alianza na duka kubwa la baiskeli lenye vioo, akageuza kikaratasi cha bei, akakirudisha taratibu kana kwamba kimemchoma. Mpimaji alicheka aliposikia, akamwelekeza kwenye karakana iliyo nyuma ya mtaa wa wapiga chapa.

"Muulize Mama Spoku. Ana fundi mmoja mtu mzima, mpole kabisa. Yule hawezi kukuuzia kibovu."

Kesho yake aliomba ruhusa, akaenda. Karakana ilikuwa chumba kirefu chenye harufu ya mpira na mafuta, fremu zikining'inia darini kama nguo kwenye kamba. Mama Spoku alikuwa mwanamke mnene, mwingi wa maneno, anayesukuma tairi kwa goti huku akizungumza.

"Ingia, mwanangu. Fundi yuko kule nyuma, ananyoosha rimu. Atakuchagulia, mimi ni wa kupokea hela tu."

Kitu cha kwanza alichokiona Kitinda ni tai. Ilikuwa imetundikwa kwenye msumari juu ya benchi, ya buluu yenye mistari ya kijivu, na karibu na ncha palikuwa na alama ya pasi aliyoiacha yeye mwenyewe. Asubuhi ile aliiona ikitoka mlangoni shingoni mwa baba yake. Wazo lililomjia ni kwamba baba kaibiwa. Akawaza ameumizwa, yuko wapi, nani amemkuta.

Mtu aliyeinama mbele ya benchi akageuka. Alikuwa amevaa ovaroli lililofifia magotini, na gurudumu mkononi mwake likaendelea kuzunguka lenyewe, tiki tiki tiki.

"Karibu, dada," baba yake alisema.

Alimwita dada. Kitinda alihisi masikio yanaziba, kama mtu aliyezama majini ghafla.

"Shikamoo," akasema, kwa kuwa mdomo ulijiendea wenyewe.

"Marahaba. Unatafuta ya namna gani?"

Mama Spoku alikuwa amesimama hapo hapo, mikono kiunoni, akitabasamu. Kitinda akasema anataka fiksi ya bei nafuu, ndiyo yake ya kwanza. Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine. Akanyoosha kidole kwenye nyekundu iliyong'aa karibu na mlango, ili mradi afanye kitu.

"Ile hapana," baba alisema. Akaipindua juu chini, akaonyesha katikati ya gurudumu la nyuma. "Nyuzi za hapa, zinazoshika gia, zimelika. Siku utakapokaza miguu kusimama, gia itafyatuka, na wewe utaendelea kwenda. Rangi ni ya juzi tu."

Akashusha nyingine, ya kijivu, ya chuma, imekwaruzwa huku na huku.

"Hii ni nzito kidogo lakini imenyooka. Panua miguu, simama bomba hili likiwa katikati, nione urefu. Sawa. Na breki ya mbele nimeiacha makusudi. Wapo watakaokwambia uing'oe, eti inaharibu sura. Usiwasikilize."

Alisema hayo bila kumtazama usoni. Mikono yake ilikuwa na grisi hadi kwenye mikunjo ya vidole, na Kitinda akaelewa kwa nini siku hizi baba ananawa mara mbili mbili.

"Ijaribu hapo uani," Mama Spoku akasema. "Usije ukasema tumekuuzia mbuzi kwenye gunia."

Kitinda akatoka nayo. Alipanda, akaenda vizuri hadi karibu na ukuta, kisha akafanya anavyofanya kila aliyezoea baiskeli za kawaida: akaacha kukanyaga ili apumzishe miguu. Pedali hazikupumzika. Zilimbeba, zikamwinua kwenye tandiko, zikamtupa juu ya rundo la tairi kuukuu.

"Kitinda, mwanangu!"

Baba yake alikuwa ameshafika, amepiga magoti kwenye vumbi, anamshika viganja na viwiko kuona kama vimevunjika. Hakuna kilichovunjika. Mama Spoku alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akajikalisha polepole kwenye ndoo iliyogeuzwa.

"Huyu ndiye wa miwani?" akauliza.

"Ndiye."

"Na mimi nimesimama pale nacheka kama zuzu. Ningejua ningewapisha." Akainuka, akaingia ndani, akawaachia ua.

"Tangu lini?" Kitinda aliuliza.

"Tangu ulipoanza mwaka wa pili. Ofisi ilifungwa. Walituita ukumbini, wakatupa bahasha, ikawa basi."

"Na hukuniambia."

"Ungeacha chuo. Ungekuja na hoja zako, kwamba utafute kazi kwanza, utarudi baadaye. Nakujua."

Alitaka kukana, akashindwa, maana angefanya hivyo hivyo.

"Mama anajua?"

Baba alifuta mikono kwenye kitambaa ambacho kilikuwa kichafu kuliko mikono yenyewe. "Mama yako ndiye aliyenishonea hili ovaroli."

"Na kaka?"

"Wanajua."

"Majirani je?"

"Nani hapo mtaani hajaniletea pancha? Tai navaa kwa ajili yako tu. Nikifika hapa naivua."

Kitinda alijikung'uta vumbi juu ya zile tairi. Tangu huo mwaka wa pili jirani wa mlango wa pili alikuwa akimwuliza, "Baba hajambo kazini?" naye akijibu hajambo, anatingwa sana na mafaili. Uso ulimwaka moto. Hakujua kama anataka kulia au kuirusha baiskeli ukutani.

"Kazi ya hapa inakuumiza?" akauliza mwishowe.

"Mgongo, kidogo." Baba akafikiri. "Lakini kule ofisini nilikuwa natazama saa tangu asubuhi. Hapa hata sijui ilipo."

Hilo lilimshtua kuliko yote. Alikuwa amejiandaa kumwonea huruma.

Walirudi nyumbani pamoja, Kitinda akiisukuma ile ya kijivu, baba akiwa na ovaroli lake mchana kweupe. Mama alikuwa barazani anapima kitambaa. Aliwaona, futi ikamponyoka.

"Kwa hiyo amekuuzia nani?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Fundi mmoja mpole," Kitinda akajibu, akapita ndani bila kuongeza neno.

Jioni hiyo hakula nao. Aliwasikia wakinong'ona jikoni, kila mmoja akimsukumia mwenzake jukumu la kuja kubisha hodi. Hakuja mtu. Asubuhi alitoka chumbani mapema, akamkuta baba yake mbele ya kioo amevaa shati jeupe, mikono imesimama shingoni, tai haijafungwa, hajui afanye nini.

"Vaa ovaroli, baba," alimwambia. "Njia yetu ni moja. Na kule kwenye mteremko utanifundisha kusimama, maana mimi hii naiogopa."

Waliondoka pamoja, baba na ovaroli lake akitembea upande wa barabara, mkono mmoja nyuma ya tandiko, mbele ya macho ya mtaa mzima.