Kalibu ya Henri

Ukuta ulikwama. Mstari wa ishirini na nne uliishia katikati ya upande wa kusini, na kiwanjani halikubaki hata tofali moja. Marthe, msimamizi wa ujenzi, alikunja karatasi yake ya hesabu, akaikunjua tena. Karatasi ilisema matofali elfu tatu. Elfu tatu yalipaswa kufika juu kabisa, mahali pa kulaza mabati.

“Mia tano yameibwa,” alisema. Ilikuwa Ijumaa, siku ya soko. Walisikia mafundi, wakasikia na wanawake waliopita na beseni za samaki.

Hasira yake ilikuwa na mizizi. Lile lilikuwa jengo la kujifungulia. La zamani liliteketezwa vita vilipopita mji wa Baraka mara ya pili, na tangu hapo akina mama walizalia jikoni. Kila nyumba ilitoa mzigo wa kuni kwa ajili ya tanuri. Sasa mvua ilibakiza wiki tatu, na aliyefyatua na kuchoma matofali yote alikuwa mtu mmoja: Henri, aliyekimbia vita kule Lubondja.

Ulimi hauna mfupa. Kufikia jioni, Bonaventure, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, alikwisha kuliotesha neno la Marthe pembe: Henri amewauzia matofali wanajeshi wa kambini. Mwaka ule, neno kama hilo lilitosha kumfikisha mtu kaburini. Vijana wakaapa kumtoa mjini Jumapili, baada ya ibada.

Henri hakuwangoja. Jumamosi asubuhi aliingia kiwanjani na kalibu yake ya mbao, ile ya kufyatulia matofali, kwapani, akaitupa miguuni pa Marthe.

“We mama wa diplome! Ulipima nini siku ile ya hesabu?”

“Nilipima kalibu yako. Sentimita ishirini na tano kwa urefu, kumi kwa kimo.”

“Na tofali?”

Marthe alikunjua karatasi yake ya hesabu.

“Pima tofali basi! Mita iko mukononi mwako, ama nayo nimeiba?”

Mafundi wawili walicheka. Marthe alipima tofali la ukutani. Ishirini na tatu. Kimo, tisa. Akapima la pili, la tatu, la kumi. Udongo hunywea ukikauka, na motoni hunywea tena. Alifundishwa hayo chuoni Bukavu, akayajibu vizuri kwenye mtihani, na hapa akahesabu ukuta kwa kipimo cha kalibu. Alipiga hesabu upya juu ya goti. Elfu tatu na mia tano.

“Henri hakuiba,” alisema. “Kosa ni langu.”

Bonaventure, aliyekuwa amefika na mafundi, alimvuta kando. “Dada, polepole. Tutasema yalivunjika njiani. Batu bakijua umekosea, nani atakupa kazi ingine?”

“Na Henri?”

“Henri ataenda Kazimia. Kule pia banajenga.”

“Toka mbele yangu, Bonaventure!” Alimkasirikia, lakini zaidi alijikasirikia mwenyewe.

Aligeuka amwombe Henri msamaha. Henri aliinua mkono.

“Jana uliniita mwizi mbele ya soko zima. Leo mnanisikiliza batu bane tu. Hesabu hiyo pia haitoshi, mama.”

Jumapili ibada ilipokwisha, Marthe alisimama mlangoni mwa kanisa, akawazuia watu kutoka. Vijana walikuwa wamekwisha kushika fimbo. Alitumbukiza tofali ndani ya kalibu na kuitikisa. Tofali likagongagonga huku na huku.

“Mnasikia nafasi hii? Ndiyo mia tano mnayomdai Henri. Niliisahau mimi. Mnayepaswa kumfukuza ni mimi. Shikeni, jaribuni wenyewe!”

Kalibu ilipita mkono kwa mkono. Kijana wa mbele aliitikisa mara mbili, akaegemeza fimbo yake ukutani. Wengine waliendelea kunung'unika, sasa wakimtazama Marthe. Mwanamke mmoja mjamzito alisonya: “Diplome gani hii?”

Henri alikuja mwisho, akachukua kalibu yake. Hakumpa mkono.

“Kesho naanza kufyatua,” alisema. “Kuni utatafuta weye.”