Kipruto, Inua Mkono

Tangu asubuhi Cheruto hakutulia. Alifunga leso, akaifungua, akaifunga tena. Sherehe ya kufungua ghala la mahindi hapo Rongai ikiisha, wazee wangemrudisha mdogo wake, Zeddy, kwa mumewe Kipruto. Eti mambo ya nyumba yaishie nyumbani. Mkono wa kushoto wa Zeddy bado ulikuwa kwenye plasta, lakini wazee walikuwa wameshakunywa chai ya Kipruto na kushiba, basi wangeona nini?

Kipruto mwenyewe alikuwa mwenyekiti wa wakulima, mtu wa suti na meno nje. Kikundi cha ngoma cha akina mama, Cheruto akiwa mwimbishaji, ndicho kilichoalikwa kuwachezea wageni.

"Cheru, hii kitu ikituharibikia je?" Wamaitha, mpiga filimbi wao, alinong'ona.

"Imeshaharibika. Piga filimbi."

Kikundi hicho kilikuwa na desturi yake. Mwimbishaji akitaja jina lako, unasimama, unainua mkono kusalimia watu, wala huketi mpaka akuachilie. Kuketi mapema ni kuwadharau akina mama wote, na hata wanasiasa, watu wasio na haya, hawakuwahi kuthubutu.

Cheruto aliimba jina la mchungaji, akamwachilia. Akaimba la chifu, akamwachilia.

"Kipruto, simama!"

Akasimama, akitikisa mabega. Watu wakashangilia.

"Kipruto, inua mkono!"

Akauinua juu kabisa, yule mjinga, ili hata walio nyuma wauone.

"Mkono huo ndio uliomvunja Zeddy!"

Filimbi ilikatika. Cheruto aliogopa kwamba amebaki peke yake. Kisha Wamaitha akapuliza tena, kwa hasira, na wanawake wote wakaachia mikono yao ya kushoto ining'inie kama imekufa. Wakaanza kucheza hivyo, upande mmoja tu, wakimzunguka Kipruto.

"Mkono huo!" waliitikia. "Mkono huo!"

Kipruto aliushusha.

"Inua!" Sauti hiyo ilitoka kwenye viti, kwa mama mmoja ambaye hakuwa hata kwenye kikundi. Wengine wakaidaka. Kipruto akawatazama wazee, nao wakatazama viatu vyao. Akauinua tena, nusu nusu.

"Cheruto, please, imetosha," alisema chini chini, jasho likimtoka. "Niachilie."

"Zeddy pia alikuambia imetosha."

Zeddy alikuwa ameshatoka nyuma ya hema. Alipita katikati ya wachezaji, plasta yake ikiwa nyeupe juani, akafika meza ya wageni na kuketi kwenye kiti cha mumewe.

"Wazee, mimi sirudi," alisema.

Cheruto aliendeleza wimbo palepale bila kumwachilia Kipruto, naye hakuwa na mahali pa kuketi.