Uso wa Reine Kwenye Tangazo

Perpétue ndiye aliyemtafuta Reine, akambembeleza, akamleta studio kwa mkono wake.

Ndiyo kazi aliyoajiriwa katika kile kituo cha televisheni kilimani Mbuya: kutafuta wageni wa kipindi cha mchana. Kipindi kilirekodiwa kwa Kiswahili humo humo studio, kisha kikauzwa kwa vituo vya Kenya, Tanzania na Kongo ya mashariki, kila kituo kikakirusha kwa saa yake. Wanawake walikaa kwenye kochi la manjano wakamsimulia mtangazaji, Babra, yaliyowafika. Perpétue alikuwa mkimbizi kutoka Bukavu, na Wakongo wa Kampala walimfungulia mlango kwa kuwa ni mwenzao.

Reine aliuza vitenge sokoni Kisenyi. Alikuwa amemkimbia mumewe huko Bukavu akiwa na watoto wawili na kovu la moto lililoanzia shingoni likapotelea ndani ya blauzi. Aliposikia habari ya televisheni aliuliza jambo moja tu.

"Na uso wangu?"

"Utafunikwa," Perpétue alimwambia. "Hata mama yako mzazi hatakujua."

Na kweli Komakech, mhariri wa picha, aliufunika ule uso kwa ukungu mzito, na sauti akaigeuza ikawa nene kama ya mwanamume mwenye mafua. Perpétue alikikagua kipindi chote kabla hakijapelekwa kwa vituo, roho ikamtulia.

Kabla ya siku ya kurushwa, Reine alipiga simu.

"Dada, mama amenipigia kutoka Bukavu. Mama iko nalia. Anasema ameniona kwa televisheni."

"Kipindi bado hakijatoka, Reine. Atakuwa ameona mtu mwingine."

"Ameona blauzi yangu ya kijani. Ameona shingo. Dada, mama hawezi kukosea shingo yangu."

Perpétue aliacha chai yake mezani akakimbilia chumba cha Komakech. Wakafungua kila kilichotumwa, wakafika kwenye tangazo, kile kipande kifupi cha kuwaita watazamaji. Reine alikuwa humo, uso mtupu, machozi yakimchuruzika, amegeuza shingo kuelekea taa ili Babra aone kovu.

"Mimi hapana kata hii," Komakech alisema kwa Kiswahili chake cha kambi ya jeshi alikolelewa. Mikono ilikuwa kichwani. "Hii ni watu ya matangazo. Walichukua ile picha mbichi, ile ya bila ukungu. Nani aliambia wao?"

Hakuna aliyewaambia kwamba uso ufunikwe. Kila mtu alidhani mwenzake amesema.

Walikwenda kwa Owuor, Mkenya aliyesimamia kipindi. Hakuwa mtu mbaya. Alilitazama tangazo mara moja, akafunga mlango, akashika simu. Nairobi waliliondoa papo hapo. Tanzania walitaka kwanza waandikiwe rasmi. Simu ya kituo cha Bukavu ililia bila kupokewa hadi alasiri, na kijana aliyeipokea alisema kwa furaha kwamba tangazo limependwa sana, wameliweka pia mtandaoni, na watu wanatumiana kwenye simu.

"Litoe, ndugu yangu. Litoe sasa hivi."

"Nitatoa la kwetu, patron. La kwenye simu za watu je?"

Owuor aliweka simu chini taratibu. "Perpétue, kama kuna kitu kingine naweza kufanya, niambie. Nitakifanya."

Maji yalikuwa yamekwisha kumwagika.

Jioni ile alikwenda Kasubi, alikopanga Reine. Alikuta mizigo imefungwa, na watoto wameketi juu ya furushi la godoro wakila chapati.

"Mume wangu amekwenda kwa mama," Reine alisema, akikunja shuka. "Hakupiga kelele. Ameomba maji, amekunywa. Amesema, 'Kumbe Reine bado mzuri. Na Kampala si mbali.'"

"Njoo ukae kwangu."

"Kwako? Jina lako linapita mwisho wa kipindi, dada. Kwako ndiko ataanzia."

"Basi twende polisi."

"Nimetoka huko. Wamesema akifika, niwaite."

Perpétue aliomba msamaha. Alitamani Reine amtukane, amfukuze, amtupie hata kandambili. Reine alimpa tu ncha nyingine ya shuka amsaidie kukunja. Kisha akatoa laini kwenye simu yake na kuivunja.

"Unaenda wapi?"

"Usiulize. Usichokijua, hakuna atakayekitoa kinywani mwako."

Wakapandisha mizigo kwenye gari dogo la kukodi. Mtoto mdogo akapunga mkono. Gari likateremka, likakata kona.

Kipindi kilirushwa kama kilivyopangwa. Watazamaji walikisifu, na kituo kingine cha Kongo kikaomba kukinunua. Owuor alileta habari hiyo kwenye kikao bila kumtazama Perpétue.

Juma lililofuata Perpétue alipita Kisenyi. Meza ya Reine ilikuwa imechukuliwa na muuza viatu. Zuleika, aliyeuza shuka meza ya pili, alimvuta kando.

"Kuna mwanamume alikuja jana. Anaongea kama nyinyi, wa Bukavu. Mpole, mwenye adabu. Amenunua shuka, akauliza yule mama wa vitenge amehamia wapi."

"Ukamwambiaje?"

"Ningemwambia nini? Sijui. Wewe unajua?"

Perpétue aliipiga ile namba ya Reine ingawa aliiona laini ikivunjwa. Haikupatikana. Akaenda kituo cha polisi, akaeleza yote mwanzo hadi mwisho. Askari alimsikiliza kwa subira.

"Huyo mama sasa yuko wapi?"

"Sijui, afande."

"Na huyo mwanamume?"

"Sijui."

"Sasa, mama, tumfuate nani?"

Alitoka nje, akasimama ukingoni mwa barabara. Alijua kwamba mume wa Reine amefika Kampala. Mtu pekee aliyehitaji kuijua habari hiyo alikuwa mahali asipopajua, labda katika mji huo huo, na hapakuwa na njia ya kumfikishia.