Kisanduku cha Karanga

Shemeji yangu, mume wa dada, hakuwa fundi. Mungu amrehemu, lakini ukweli usemwe. Mtu anayepigilia misumari ya paa kwenye kisanduku cha karanga si fundi, ana ugomvi na mbao. Mimi ni seremala, na kisanduku kile nilikicheka tangu siku alipokifunga kwenye mti ulio nje ya jiko lao.

"Hiki unawajengea kindi au tembo?" nilimuuliza.

"Cheka tu, shemeji. Mimi nikishafunga kitu, kimefungwa."

Kila asubuhi alikijaza karanga, kisha akagonga kifuniko kwa kijiko. Ko, ko, ko. Basi kindi walikuwa wakishuka kutoka msitu ulio nyuma ya nyumba, wale wadogo wekundu wa kwetu, mikia juu, wanasukumana kama watu kwenye foleni ya maji. Alipofariki, dada yangu akarithi kijiko. Hawakujaliwa mtoto. Watu walipomuuliza anaishije peke yake kwenye nyumba yote ile, aliwajibu, "Nani kawaambia niko peke yangu? Nina wajukuu, ila wana mikia."

Aliyempenda kuliko wote alikuwa jike mmoja aliyekatika sikio. Alimwita Kipande. Huyo hakuhitaji kisanduku, alichukua karanga yake mkononi mwa dada, tena kwa madaha, anaigeuza kwanza kama mteja anayechagua nyanya.

Siku moja dada akanipigia simu. "Njoo umwone huyu. Hafungui macho."

Nilimkuta kindi ameketi chini ya mti, jua linawaka, anatetemeka. Si Kipande, mwingine. Vidonda vilikuwa vimemzunguka macho na mdomo, ungedhani amemwagiwa maji ya moto. Vidole vimevimba. Dada alikuwa amemwekea maji kwenye kisosi. Nikapiga mguu chini, hakukimbia. Mnyama wa porini asiyekukimbia, huyo habari yake imekwisha.

Tukamwita daktari wa wanyama. Akaja mwanamke kijana, buti zimejaa matope, akavaa glavu, akamtia yule mgonjwa kwenye boksi. Kisha akasimama anatazama matawini. Kulikuwa na kindi wawili wa kijivu, wakubwa, wanene, wanangoja zamu yao.

"Hawa wa kijivu wanakuja hapa tangu lini, mama?"

"Tangu mwaka jana. Wageni hao. Na mimi simfukuzi mgeni akiwa anakula."

"Basi hao ndio walioleta ugonjwa. Ni virusi. Wao wanatembea navyo na haviwafanyi kitu. Wekundu vikiwapata wanatoka vidonda, macho yanaziba, hawali, wanakufa. Chanjo hakuna. Dawa hakuna."

"Lakini hawa hawapatani hata kidogo," dada akasema. "Wa kijivu akija, mwekundu anaondoka. Wanaambukizana wapi?"

Daktari aligeukia mti. Alikitazama kisanduku.

Ndipo akatueleza polepole. Msituni wametawanyika, huyu mti huu, yule mti ule. Hapa wote wanaingiza mdomo mahali pamoja, na kinachotoka kwenye vidonda kinabaki kwenye ubao kikimngoja anayefuata. Kisanduku king'olewe, kichomwe moto, na mtu asiwape chakula tena. "Bado kuna wazima, mama. Wakiacha kukusanyika, wanaweza kunusurika."

"Kwa hiyo mimi ndiye ninayewaua."

"Sijasema hivyo, mama."

"Hujasema. Umekitazama tu."

Daktari alipoondoka, dada akaanza kutafuta pa kutokea. Atakisugua kisanduku kila siku, kwa sabuni, kwa maji yanayochemka. Atawafukuza wa kijivu kwa fagio.

"Kisanduku utakiosha," nikamwambia. "Midomo yao je, utaiosha?"

Akanigeukia. "Wewe ulikichukia tangu zamani. Leo umepata sababu. Mume wangu hana kaburi la maana, ana kile kisanduku, na wewe unakuja na nyundo."

Maneno hayo yalinikata maini. Nikachukua kofia yangu nikaenda nyumbani, na tukanuniana kama watoto, watu wazima na mvi zetu.

Simu yake ilipokuja, ilikuwa fupi. "Njoo na vyombo vyako." Nilipofika akanionyesha kando ya ukuta. Kindi wawili wekundu walikuwa wamelala ubavu, mmoja ameshika karanga ambayo hakuwahi kuimenya. Dada hakulia. Aliingia jikoni, akavuta pazia.

Nikaanza na koleo. Misumari ilikuwa imeshika kutu, haikusogea. Ya paa, ya urefu wa kidole, na kila kona marehemu ameijaza. Nikaona hapa mikono haifai, nikachukua tindo, nikaiweka kwenye ufa wa kifuniko, nikapiga nyundo.

Ko, ko, ko.

Sikufikiri. Nilikuwa nafanya kazi. Nilishtushwa na majani yanayochakarika juu ya kichwa changu.

Walikuwa wanakuja. Wa kijivu mmoja alikwishafika ukutani. Nyuma yake mwekundu mwenye macho yaliyoziba, anatambaa juu ya tawi kwa kupapasa, anaifuata sauti. Na mbele yao wote Kipande, macho maangavu, manyoya safi, anashuka mbio.

"Acha kugonga!" Dada alikuwa mlangoni. "Acha! Unawaita!"

Nikashusha nyundo. Kipande alinipita kana kwamba mimi ni mti, akaenda moja kwa moja miguuni kwa dada, akasimama kwa miguu ya nyuma, akangoja.

"Nenda," dada akamwambia. "Nenda zako, mama. Leo hakuna."

Kipande akaweka mkono kwenye ndala ya dada.

Dada akaivua ndala, akaitupa kumwelekea. Kipande akaikimbilia, akainusa, akaigeuza. Kilichotoka kwenye mkono ule siku zote kilikuwa chakula. Alipoona si chakula, akarudi.

Dada akainama akaokota jiwe.

Sikumzuia. Jiwe lilimpata. Kipande alilia, sauti ambayo sikujua kama kindi anayo, akaparamia mti na kupotea msituni, hakugeuka nyuma. Dada akaendelea kurusha, mawe, ndala ya pili, kijiko chenyewe, mpaka tawini akabaki yule kipofu tu, ambaye hakujua aelekee wapi. Huyo tulimwitia daktari.

Dada akaketi kizingitini, miguu mitupu.

"Nimempiga wapi?"

"Pajani. Si sana, amekimbia vizuri."

"Aliona kuwa ni mimi?"

Ningeweza kumdanganya. Mtu mwingine angemdanganya.

"Aliona."

"Basi hatarudi," akasema, na hapo ndipo alipolia.

Niliweka nyundo kwenye mfuko. Misumari yote iliyobaki niliitoa kwa koleo, mmoja mmoja, kwa kuizungusha, mpaka viganja vikachubuka, ili nisigonge tena.